Hisa Yako Mezani: Mwongozo Kamili wa Kupiga Hesabu za Poka

Umeshika A na 6, zote za kopa. Mezani zimefunuliwa karata tatu: K ya kopa, 9 ya kopa na 2 ya pau. Katikati pana shilingi 6,000, na mwenzako anasukuma 3,000 zaidi. Zamu yako.

Wengi hapo hujiuliza, "Kopa itakuja au haitakuja?" Swali hilo halina mwenye jibu, hata mgawaji mwenyewe hajui. Swali lenye jibu ni la sokoni: ninachouziwa hapa kina thamani gani, na ninatakiwa nikilipie ngapi? Mwongozo huu wote ni namna ya kulijibu swali hilo la pili, na mkono huuhuu wa A na 6 tutatembea nao mpaka mwisho.

Mchezo ninaouzungumzia ni Texas Hold'em: kila mchezaji ana karata mbili za siri, kisha mezani zinafunuliwa tatu kwa pamoja (flopu), halafu ya nne, halafu ya tano. Karata nitazitaja kwa herufi zake, A, K, Q na J, maana majina ya wazungu na mabibi yanabadilika kila baraza. Fedha iliyo katikati nitaiita fungu. Mwishoni anashinda mwenye karata tano bora, akichanganya zake na za mezani. Karata tano za aina moja ni flashi, na tano zinazofuatana ni mfululizo.

Hisa maana yake nini

Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu mchezo uliokatizwa. Watu wawili wameweka sarafu 32 kila mmoja, na wa kwanza kushinda mara tatu anachukua zote 64. Mmoja ameshinda mara mbili, mwingine mara moja, na mchezo unalazimika kusimama. Wagawane vipi? Pascal alijibu: 48 kwa 16. Alifikiri hivi. Raundi inayofuata ikienda kwa aliyetangulia, anachukua zote. Ikienda kwa mwenzake, wanalingana na kila mmoja anabaki na 32. Kwa hiyo 32 za kwanza ni zake kwa vyovyote, na 32 zilizobaki wagawane nusu kwa nusu.

Hiyo 48 ndiyo hisa. Mchezo haujaisha na hakuna aliyeshinda, lakini fungu limekwisha kugawanyika kimahesabu, na kila mmoja ana sehemu yake hata kama hawezi kuinyanyua. Kila karata inayofunuliwa inapunguza hisa ya mmoja na kuongeza ya mwingine, mpaka ya mwisho impe mmoja asilimia 100.

Tazama fainali ya mashindano ya dunia ya mwaka 2003 huko Las Vegas. Washiriki walikuwa 839, wakabaki wawili: Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, na Sam Farha, mchezaji wa kulipwa mzaliwa wa Lebanoni. Flopu ilikuwa J ya shupaza, 5 ya shupaza na 4 ya pau. Farha alikuwa na J na 10, yaani jozi ya J. Moneymaker alikuwa na 5 na 4, yaani jozi mbili. Fedha zote zikaingia katikati.

Zilikuwa zimebaki karata 45 ambazo hazikuwa mikononi mwao wala mezani. Ukichagua mbili kati ya hizo unapata michanganyiko 990, na ukiihesabu mmoja mmoja utakuta Farha anashinda 243. Hisa yake: asilimia 24.5, karibu sawa na zile sarafu 16 za Pascal kati ya 64. Karata ya nne ikawa 8 ya uru. Sasa Farha alihitaji J (zimebaki mbili), au 10 (tatu), au 8 (tatu).

Subiri, 8 inamsaidiaje mtu asiyeshika 8? Ikija 8 nyingine, mezani panakuwa na jozi ya 8 ya watu wote. Farha anakuwa na J mbili na 8 mbili, na Moneymaker anabaki na 8 mbili na 5 mbili, jozi yake ya 4 imemfia mkononi. Karata kama hizi wengi hawazihesabu kwa sababu hazigusi chochote walichoshika. Jumla yake ilikuwa karata 8 kati ya 44, asilimia 18.2. Ikaja 5 ya kopa, na mhasibu akaondoka na dola milioni 2.5.

Hatua ya kwanza: hesabu karata za kukuokoa

Karata ya kuokoa ni yoyote ambayo ikifunuliwa unatoka nyuma unakwenda mbele. Aliyekaa barazani akihesabu turufu zilizokwisha toka anaijua kazi hii tayari. Kila aina ina karata 13. Wewe una kopa mbili na mezani zipo mbili, zimebaki 9. Mwenzako anaweza kuwa ameshika mojawapo, lakini kwa kuwa hujui, zihesabu zote kama ziko kwenye zilizobaki.

Hali utakazokutana nazo mara kwa mara:

- Umebakiza karata moja kupata flashi: karata 9.
- Umeshika mfululizo wa nne ulio wazi pande zote mbili, kama 6-7-8-9: karata 8 (5 nne na 10 nne).
- Mfululizo wenye pengo katikati, kama 6-7-9-10: karata 4.
- Karata mbili zilizo kubwa kuliko zote za mezani, na mwenzako ana jozi ndogo: karata 6.
- Jozi yako mkononi inasubiri ya tatu: karata 2.
- Flashi pamoja na mfululizo ulio wazi pande mbili: karata 15.

Kwa nini 15 na si 17? Kwa sababu karata mbili za mfululizo ni za aina ileile ya flashi, na ukijumlisha 9 na 8 umezihesabu mara mbili. Kosa hilo nimelifanya kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Hatua ya pili: igeuze kuwa asilimia

Baada ya flopu kuna karata 47 usizozijua: 52, toa mbili zako na tatu za mezani. Uwezekano wa kopa kuja kwenye karata ya nne ni 9 kwa 47, asilimia 19.1. Karata ya nne ikishafunuliwa zimebaki 46, na 9 kwa 46 ni asilimia 19.6. Ukihesabu zote mbili kwa pamoja, ya nne na ya tano, uwezekano wa kupata kopa angalau moja ni asilimia 35.

Mezani hakuna muda wa kugawanya kwa 47. Wachezaji hutumia njia ya mkato: zidisha karata zako za kuokoa kwa 2 ikiwa unasubiri karata moja, kwa 4 ikiwa utaziona zote mbili. 9 mara 2 ni 18, 9 mara 4 ni 36. Umekaribia vya kutosha.

Njia hii ina kasoro moja. Karata za kuokoa zikizidi 8, kuzidisha kwa 4 kunatia chumvi. Karata 15 zinakupa 60, wakati jibu sahihi ni asilimia 54.1. Dawa yake ni kupunguza idadi iliyozidi 8: 15 imezidi 8 kwa 7, basi 60 toa 7 unapata 53. Kwa karata 12: 48 toa 4 ni 44, na jibu sahihi ni 45.

Hatua ya tatu: jua bei

Bei ni kiasi unachotakiwa kulipa, gawanya kwa fungu lote litakavyokuwa baada ya wewe kulipa. Katika mkono wetu unalipa 3,000. Fungu litakuwa 6,000 za mwanzo, 3,000 za mwenzako na 3,000 zako, jumla 12,000. Bei ni asilimia 25. Hisa yako ikizidi 25, unanunua kwa faida. Ikipungua, unanunua kwa hasara, hata kama kopa ikaja.

Kosa la kawaida hapa ni kusahau kuziweka fedha zako mwenyewe kwenye fungu kabla ya kugawanya. Mtu anafanya 3,000 kwa 9,000, anapata 33, anatupa mkono aliopaswa kuucheza.

Kariri bei hizi chache na hutahitaji kikokotoo: dau la theluthi ya fungu, bei yake asilimia 20; nusu ya fungu, 25; theluthi mbili, karibu 28.6; fungu zima, 33.3; mara mbili ya fungu, 40. Ona kwamba hata mtu akiweka dau kubwa kupindukia, bei haifiki 50.

Kama nyumba inakata ada kwenye kila fungu, itoe kabla ya kugawanya. Ikichukua 500 kwenye 12,000 zetu, unagombea 11,500, na bei imepanda hadi asilimia 26.1. Ni kidogo kwa mkono mmoja, lakini ndicho kinachoendesha jumba la mchezo.

Hatua ya nne: 19 au 35?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotelea. Bei yetu ni 25. Kwa karata moja una 19.1, chini ya bei. Kwa karata mbili una 35, juu ya bei. Utumie ipi?

Inategemea 3,000 hiyo inakununulia nini. Kama ndiyo fedha ya mwisho ya mwenzako, ukilipa unaona karata zote mbili bila kudaiwa tena. Tumia 35 na ulipe bila kusita. Lakini kama bado ana fedha mbele yake, 3,000 inakununulia karata moja tu, na ya tano itauzwa upya, pengine kwa bei kali zaidi. Anayetumia 35 hapo ni kama abiria aliyelipa nauli ya kufika Chalinze akidhani amelipa mpaka Morogoro. Kondakta atamkumbusha.

Hatua ya tano: si kila karata ya kuokoa inaokoa

Mpaka sasa tumehesabu kopa peke yake. Hisa halisi inategemea pia mwenzako ameshika nini, na tofauti yake ni kubwa.

Chukulia ana K ya pau na Q ya shupaza, yaani jozi ya K. Basi A nayo inakuokoa, na zimebaki A tatu. Karata zako si 9 tena bali 12, na ukipitia michanganyiko yote 990 unashinda 445: hisa ya asilimia 45. Kwa bei ya 25 huo ni mkono wa kuchekelea.

Sasa chukulia ameshika 9 mbili. Ana 9 tatu. A haikusaidii tena. 2 ya kopa inakupa flashi lakini inamtengenezea yeye tatu na jozi, ambayo inaipiga flashi yako. Na hata ukipata kopa safi kwenye karata ya nne, ya tano inaweza kurudia mojawapo ya zilizo mezani ikakuzika. Hapo unashinda michanganyiko 244 tu, asilimia 24.6. Mkono uleule, meza ileile, na hisa imeshuka kutoka 45 hadi chini kidogo ya bei.

Hutajua ameshika kipi. Unachoweza ni kupima: mtu huyu, kwa dau hili, anakuwa na 9 tatu mara ngapi, na K mara ngapi? Ukikadiria kwamba mara tatu kati ya nne ana K na mara moja ana 9 tatu, hisa yako ya wastani ni karibu asilimia 40. Kadirio lako linaweza kuwa na makosa, lakini ni bora kukosea kwa hesabu kuliko kwa matumaini.

Uzuri mmoja wa mkono wetu ni kwamba una A ya kopa, kwa hiyo hakuna flashi ya kopa inayoizidi yako. Ungekuwa na 7 na 6 za kopa, ingekubidi uogope mtu mwenye kopa mbili kubwa zaidi. Huyo ndiye hatari kuliko wote, maana karata inayokufurahisha wewe inamfurahisha yeye zaidi, na wewe ndiye utakayelipa. Wachezaji wakiwa wanne au watano kwenye fungu moja, hofu hiyo si ya kinadharia.

Hatua ya sita: fedha ambazo bado hazijaingia

Umelipa 3,000, fungu ni 12,000. Karata ya nne ni 5 ya uru, haina maana yoyote kwako. Mwenzako anaweka 8,000. Unalipa 8,000 kugombea 28,000, bei ni asilimia 28.6. Wewe una 9 kwa 46, asilimia 19.6. Hata ukijumlisha A tatu unapata 12 kwa 46, asilimia 26.1, bado hutoshi.

Usitupe mkono haraka hivyo. Hesabu hasara kwanza, kwa zile kopa 9 tu. Fikiria umecheza mkono huu mara 46, kila karata ikafunuliwa mara moja. Mara 9 unashinda 20,000 zilizokuwa katikati, jumla 180,000. Mara 37 unapoteza 8,000 zako, jumla 296,000. Umepoteza 116,000, wastani wa 2,522 kwa kila mkono.

Sasa gawanya 116,000 kwa zile mara 9 unazoshinda: 12,889. Hiyo ndiyo fedha ya ziada unayotakiwa kumtoa, kwa wastani, kila kopa inapokuja kwenye karata ya tano. Mtazame mbele yake. Amebakiwa na 10,000? Tupa, hata akikupa zote haitoshi. Amebakiwa na 40,000 na ni mtu asiyejua kuachia jozi yake? Lipa. Amebakiwa na 40,000 lakini kopa ya tatu ikionekana tu anakunja mikono? Tupa, fedha zake ni nyingi ila si zako.

Watu hupenda kusema "nikiipata nitalipwa" kama kisingizio cha kulipa kila dau. Wakiulizwa watalipwa ngapi, kimya. Jibu lazima liwe namba.

Hatua ya saba: uza wewe

Turudi nyuma kidogo. Tuseme kwenye karata ya nne mwenzako hakuweka dau, amepita tu. Fungu ni 12,000 na wewe bado huna kitu mkononi isipokuwa matumaini ya kopa. Ukiweka 8,000 wewe, inakuwaje?

Akikufuata, uko palepale tulipokuwa: hasara ya wastani ya 2,522. Lakini akitupa karata zake unachukua 12,000 papo hapo, bila kopa wala A. Kiasi gani cha kutupa kinatosha kufidia? Kama anatupa zaidi ya mara 17.4 katika 100, dau lako lina faida. Kama ungekuwa unamtisha tu bila karata yoyote ya kukuokoa, ungehitaji atupe mara 40 katika 100. Tofauti hiyo ndiyo thamani ya kopa zako 9: zinafanya kitisho kiwe nafuu. Binafsi naona hapa ndipo mikono ya kusubiri inapoleta fedha nyingi, kuliko kukaa unalipa madau ya wengine ukiomba dua.

Ila usimtishe mtu ambaye hatupi kamwe. Kila meza ina mmoja.

Ukiwa upande wa pili

Siku nyingine wewe ndiye mwenye K na Q, na unahisi mwenzako anangoja kopa. Karata ya nne imefunuliwa, fungu ni 12,000. Uweke ngapi ili kumfuata iwe hasara kwake? Ukiwa na dau la d, unahitaji d kugawanya kwa 12,000 jumlisha d mbili izidi 9 kwa 46. Ukilitatua unapata 3,857. Kwa hiyo dau lolote linalozidi theluthi ya fungu linatosha kumwuzia kwa bei mbaya, na hakuna haja ya kusukuma kila kitu katikati kwa woga. Weka 7,000 au 8,000, kwa sababu na yeye ana ile hesabu ya fedha zijazo. Kopa ikija baadaye, ujue kuachia.

Kufanya mazoezi bila kuchoma fedha

Chukua pakiti ya karata na daftari. Toa A na 6 za kopa, weka ile flopu ya K, 9 na 2, kisha changanya zilizobaki na funua mbili. Andika kama kopa imekuja. Rudisha, changanya, funua tena. Fanya mara 100. Utapata karibu 35, lakini si 35 kamili, na njiani utaona mikono minane au tisa mfululizo bila kopa hata moja.

Hilo la mwisho ndilo zoezi lenyewe. Ukisubiri kopa kwenye karata ya tano pekee, 9 kwa 46, kukosa mara nne mfululizo kunatokea asilimia 42 ya nyakati, na kukosa mara kumi mfululizo, asilimia 11. Mtu asiyeliona hili kwenye mkeka nyumbani ataliona mezani akiwa na fedha za kodi ya nyumba, na atasema amerogwa.

Ukimaliza hapo, fanya upya ukiwa umetoa pia 9 mbili za mwenzako, na kila mara amua nani ameshinda kwa karata tano bora. Hesabu mara ambazo flashi yako imepigwa na tatu na jozi. Zitakushangaza wingi wake.